Kaskazini ya Jiwe

Umeme umekatika tangu saa moja, na Majengo yote
imebaki na wekundu wa makala chini ya masufuria.
Nimeukalia ukuta wetu wa mawe meusi,
dira ya shule juu ya goti,
na sindano yake inasita
kama mtoto aliyeulizwa jina la baba yake na askari.

Nilikuwa na miaka tisa.
Papa, fundi Balume, alizipasua spika zilizokufa
za redio za Birere yote, akanipa sumaku zake nizikokote chini.
Mchanga wa Goma una chuma. Ulizisimamia sumaku zile
unywele kwa unywele, mgongo wa paka aliyeona nyoka.
Papa alikuwa ameng'ata waya, akasema kwa pembe ya mdomo:
"Usidhani unaiona nguvu yake.
Unachoona ni mchanga, jinsi unavyoitii."

Kisha ile Januari mlima ukapasuka ubavuni.
Moto ulishuka barabarani bila haraka, kama mwenye nyumba.
Ulipita juu ya duka, juu ya meza, juu ya sanduku la spika.
Sisi tulivuka mpaka na godoro na mbabula moja,
na tuliporudi
tulitembea juu ya paa letu.

Jiwe likiwa moto halijui kaskazini.
Likianza kupoa ndipo chuma chake kinageuka, punje kwa punje,
kinaitikia dunia inakoelekea siku hiyo,
kinaganda hivyo.
Na sumaku za Papa, huko chini, zilipata moto uleule,
zikasahau kila kitu;
zilipopoa zikajifunza upya, kwa unyonge,
kaskazini ya watu wote.

Lakini sisi ni watu wa kujenga.
Vijana walikuja na nyundo, chukudu zikabeba,
jiwe likapinduliwa, likalazwa ubavu, likapakwa simenti.
Ukuta huu una kaskazini elfu moja
na hakuna mbili zinazopatana.
Ndiyo sababu dira yangu inatetemeka.

Naiweka mfukoni. Natazama juu.
Jabari yuko utosini kabisa, na chini ya mshipi wake
kuna doa, pumzi juu ya kioo.
Huko nyota zinatungwa mimba.
Uzito unaliita wingu: anguka, anguka ndani yako.
Na mistari ya sumaku, ambayo hakuna jicho limeiona,
imeshika pindo lake: ngoja kwanza.

Tunajuaje? Kwa mavumbi, Papa.
Mavumbi membamba kuliko moshi,
yanazunguka kwenye baridi hiyo, yanajipanga kukingama mistari,
na mwanga ukipita katikati yake
unatoka umechanwa kwa kitana.
Watu wanausoma mwanga huo na kuchora ramani ya mshiko.
Unachoona ni mchanga.

Tena kuna chembe zisizo na chaji, zisizotambua kamba wala amri.
Hizo hupenya.
Polepole, miaka maelfu kwa maelfu,
kama wanawake wa Birere kwenye Kizuizi Kidogo
na unga mgongoni, wakati askari wanabishana kuhusu mihuri,
hata kiini kinajaa, kinazidi uzito wa kushikwa,
na mistari inajipinda kiunoni, inaachia.

Siwezi kumwambia haya. Tangu lava hakufungua tena redio yoyote.
Aliketi mlangoni akisugua bisibisi
kwa shati, akiiangalia ncha yake, akisugua.
Nilimzika Makao, kwenye udongo wa kununua,
uliomwagwa juu ya jiwe.

Umeme unarudi.
Mtaa mzima unapiga kelele, mtu anawasha redio
kwa sauti ya juu mno, na Jabari anafifia
mpaka abaki mabega tu.
Nashuka. Kiganja changu kimechubuka kidogo.
Nyuma yangu mawe yametulia gizani,
kila moja limeshikilia siku ileile
kwa upande wake.